Vipara Viwili Barabarani

Kwenye kikundi chetu cha kukimbia Jumamosi wenzangu wananionea wivu kichwa. Wao kabla ya kuanza wana shughuli nzito: huyu anafunga kitambaa juu ya kitambaa, yule amevaa kofia ya plastiki ya kuogea chini ya mtandio, mwingine ndiyo kwanza jana katoka saluni na anatuapia kwamba leo anatembea tu, hakimbii, maana jasho likishafika kwenye mizizi kazi yote imekwenda na maji. Mimi nafika, nafunga kamba za raba, nimemaliza. "Wewe Yusti una raha," wananiambia, "huna cha kulinda." Nacheka nao. Nimejiunga juzijuzi tu, wamenikuta hivi hivi na nywele ambazo ndiyo zinaanza kushika kitana, na siku hizi mwanamke kunyoa ni mtindo, kwa hiyo hakuna anayeuliza.

Nikirudi nyumbani naoga, nachota mafuta ya alizeti kwenye kopo la mama, nayapasha viganjani na kujipaka. Siyo haya ya dukani yaliyosafishwa mpaka hayanuki kitu. Nasema yale ya mashine zetu za huku Singida, mazito, yenye harufu ya mbegu iliyopata moto. Harufu hiyo ikikutana na jasho ambalo halijaisha vizuri kwenye ngozi, basi mimi siyo mtu mzima tena. Niko mtaani kwetu Mandewa, darasa la pili, kichwa kinaniwaka kwa mikwaruzo ya wembe, na mama ananipaka mafuta hayo hayo huku analia na kucheka, sijui kipi kilianza.

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, na wateja wake wengi walikuja kwa ajili ya nguo wakabaki kwa ajili ya maneno. Alikuwa mnene, mcheshi, na alikuwa na nywele. Nasema alikuwa na nywele kama mnavyosema fulani ana gari. Zilikuwa nywele za dawa, nyeusi, laini, zimepita mabega, na akirudi saluni zimesetiwa alitembea shingo imenyooka kama aliyejitwisha ndoo ya maji imejaa pomoni. Sisi wa shule ya msingi tulinyolewa, nyie wa rika langu mnakumbuka, mwalimu wa zamu akikupitishia vidole kichwani na nywele zikashikika, umekwisha. Kwa hiyo kwangu nywele zilikuwa mali ya watu wazima, kama funguo za kabati.

Aliyeleta dawa ya hizo nywele alikuwa baba. Alikuwa dereva wa lori, anapeleka vitunguu na mbegu za alizeti mikoa ya mbali, na kila safari hakukosa kurudi na kopo la ile dawa aliyoipenda mama, lenye picha ya mwanamke aliyegeuza shingo, nywele zimemwagika mpaka mgongoni. Baba hakuwa mtu wa maneno matamu. Lakini wakija wageni alitafuta sababu ya kuzitaja. Alikuwa anasema akimpeleka mkewe kijijini kwao Issuna, watu wanamuuliza ameoa mtu wa wapi. Mama anamwambia aache upuuzi, na huku unamwona anajishika nywele.

Halafu ikaja presha. Mama yake mama alikuwa ameshapooza upande mmoja kwa ugonjwa huo huo, yuko kitandani, analishwa kwa kijiko. Siku ambayo mama alikwenda zahanati kwa kichwa kinachomgonga nilikuwa naye, nimekaa kwenye benchi nachezea kamba ya kiatu. Muuguzi akampima mkono mmoja, akampima wa pili, akamuuliza kama huwa anafanya mazoezi. Mama akajibu kwamba mguu wake unakimbia kwenye pedali ya cherehani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Alitegemea kuchekwa. Muuguzi hakucheka.

"Mama, presha hii ndiyo iliyomlaza mama yako," alisema. "Kila siku ukimbie, au utembee haraka haraka, mpaka jasho likutoke. Ukiendelea hivi, huyu mtoto utamwachia nani?"

Mama hakusema kitu njia nzima, mtu ambaye hata kuku akipita alikuwa anamsemesha. Tulipofika nyumbani alisimama mbele ya kioo, akajishika kichwa, na akasema peke yake: jasho, na hizi nywele je?

Akaanza hata hivyo. Alfajiri alivaa raba za baba zilizochoka, suruali ya traki chini, gauni juu, akashika barabara inayopita kwenye yale mawe makubwa. Majirani wakamuuliza ni nani anayemkimbiza. Akawajibu ni presha, na bado haijamfikia. Kwa mazoezi alipata nafuu kweli, kichwa kikaacha kugonga. Lakini nywele! Wenye nywele za dawa mnajua. Jasho linakaa kwenye ngozi, mizizi inajikunja inarudi kipilipili wakati ncha bado zimenyooka, chumvi inawasha usiseme. Mama alikuwa anajikuna kwa ncha ya kitana mpaka anafumba macho. Akiziosha na kuzipiga draya kila mara, zinakauka na kukatika. Akasuka twende kilioni ili zitulie, zikamvuta hadi nywele za mbele ya paji zikaanza kupukutika. Ikawa kila akitoka saluni anaacha kukimbia ili zidumu, halafu kichwa kinaanza kugonga tena, anaogopa. Ulikuwa ukiamka mapema unamkuta amesimama mlangoni, mkono mmoja umeshika kitasa na mwingine umeshika nywele, hajui amsikilize nani.

Ikafika likizo. Baba akaondoka na shehena ya vitunguu kwenda Kigoma, mimi nikapelekwa Issuna kwa Bibi, mama yake baba. Yaliyompata mama wakati sipo niliyajua baadaye, lakini wacha niyaseme sasa ili msipotee pamoja na mimi. Alikwenda saluni kutiwa dawa asubuhi ile ile aliyotoka kukimbia. Ngozi ilikuwa bado na jasho na imejaa mikwaruzo ya kujikuna, na wale wa saluni kila siku wanauliza kama umejikuna, naye akasema hajajikuna, maana aliona aibu kusema habari za kukimbia mbele ya wanawake waliokuwa kwenye foleni. Dawa ikamuunguza. Akavumilia akidhani ndiyo inashika. Baada ya siku chache utosi ulikuwa vidonda na nywele zinatoka kwa mafungu, anashika fungu linabaki mkononi. Rafiki yake Mama Hadija, jirani yetu, ndiye aliyemnyoa zilizobaki. Mama akaingia ndani akalala.

Sasa niwaambie kwa nini mimi sikuweza kuona kipara tu kama kipara. Mwaka uliotangulia Babu alikuwa amefariki, huko huko Issuna, na sisi watoto hatukuambiwa. Kwetu mtoto hakuonyeshwa kifo. Tuliambiwa Babu amepelekwa hospitali na akipata nafuu atarudi. Nyumba ikajaa watu, wanawake wamekaa chini kwenye mikeka wanaongea kwa sauti ndogo, kila anayeingia anaanza na pole. Siku ya kumaliza msiba tukaitwa ukoo mzima nyuma ya nyumba, wakubwa kwa wadogo, tukanyolewa. Shangazi ndiye aliyeninyoa mimi. Nilipomuuliza tunanyolewa kwa nini, akasema ni kwa sababu ya joto. Joto, Issuna, na upepo wote ule unaong'oa mabati!

Nilimngoja Babu. Nilikuwa nafuta vumbi kigoda chake kila tulipokwenda, ili akirudi akikute kisafi, mpaka binamu yangu mmoja mkubwa akachoka kunitazama na kuniambia nisiwe mjinga, Babu yuko chini ya lile tuta la mawe karibu na zizi. Nililia, lakini zaidi nilikasirika. Ndipo nikajitungia sheria yangu ya maisha: wakubwa watakudanganya kwa mdomo, ila vichwa vyao vitasema kweli. Nyumba ikinyoa, kuna mtu harudi.

Basi nikarudi kutoka Issuna, Bibi amenipandisha basi na jirani aliyekuwa anakuja mjini. Nikakuta baraza tupu, cherehani imefunikwa shuka. Sijawahi kuona cherehani ya mama imefunikwa mchana. Ndani, mama yuko kitandani amejifunga kitambaa kichwani, na Mama Hadija na wanawake wengine wawili wamekaa kwenye mkeka wanaongea chini chini. Nikapiga magoti kuamkia. Mama Hadija akaniambia nimpe mama yangu pole. Nikasema, "Shikamoo mama, pole mama," na mama akainama kunishika shavu, kitambaa kikateleza. Kichwa kilikuwa kipara kitupu.

Sikupiga kelele. Nilitazama kila aliyekuwa mle ndani, nikawahesabu watu wa nyumba yetu, na kati yetu alikosekana mmoja tu.

"Baba yuko wapi?" nikauliza.

"Yuko safarini."

"Anarudi lini?"

Mama akageukia ukutani. "Sijui, mwanangu," alisema. "Hata sijui itakuwaje."

Leo najua alikuwa anaogopa siku ambayo mume wake angefungua mlango na kumkuta hana kile alichokuwa akijivunia mbele za watu. Siku ile nilisikia kitu kingine. Na kila walichofanya kilizidi kunihakikishia. Simu ya baba ilikuwa haipatikani, mvua zilikuwa zimeharibu barabara huko alikokwenda na lori limekwama porini pasipo na mtandao, nami nilimwona mama anajaribu, anasikiliza, anakata. Nilimsikia akimwambia Mama Hadija wasiongee mbele ya mtoto. Aliogopa mdomo wangu, kwamba baba akipatikana nitamwahi kumwambia kabla yeye hajajua aanzie wapi. Wanawake waliingia na kutoka. Wakasema pole, wakasema ndiyo dunia, wakaleta uji. Nyie mngedhani nini?

Nilichukua koti la baba la kazini, lile lenye harufu ya dizeli na vitunguu, nikawa nalala nalo. Nililia ndani ya lile koti ili nisisikike. Nilimlilia baba kwa vitu vidogo: jinsi alivyokuwa ananipigia honi mbili akiingia mtaani kwetu, jinsi alivyokuwa ananipa nishike usukani lori likiwa limezimwa na kuniuliza tunaelekea mkoa gani. Na nilikuwa nangoja. Nilingoja niitwe nyuma ya nyumba ninyolewe. Likizo ilikuwa imeniotesha nywele kidogo, zinashikika, nikawa najipapasa najiambia labda leo, labda wakishakuja watu wa Issuna. Hakuna aliyeniita. Hilo liliniuma kuliko yote. Niliona wamenifanya kama siyo mtoto wake.

Mama naye alikuwa haamki. Raba zilikaa pale nyuma ya mlango zikapata vumbi, na alikuwa ameanza tena kujishika kisogo na kufumba macho. Mama Hadija alimkumbusha maneno ya muuguzi. Mama akajibu kwamba atakimbiaje barabarani na kichwa kama boga, watu wamcheke, halafu nguvu zenyewe za nini.

Asubuhi moja alikwenda bombani. Nilifungua mtoto wa meza ya cherehani, nikatoa wembe aliokuwa akifumulia mishono, nikaweka povu la sabuni ya kufulia kichwani nikaanza. Kunyoa mwenyewe siyo kazi ya mchezo. Mbele nilijitahidi. Pembeni nikajikata, na nyuma, kule nisikokuona, nikawa nakwenda kwa kubahatisha tu. Damu ikachuruzika na povu hadi shingoni. Niliumia, lakini niwaambie ukweli, niliona nafuu. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi nilikuwa nafanya kitu kinachomhusu baba.

Mama akaingia na ndoo. Aliitua vibaya, maji yakamwagika mpaka miguuni kwangu.

"Yustina! Nani amekufanya hivi?"

"Nimejinyoa."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya baba," nikasema. "Na mimi ni mtoto wake."

Nilimwona uso unambadilika. Alinishika mabega akanitikisa, akaniuliza nani kaniambia, nani kapiga simu, baba amefanyaje. Kumbe alidhani habari zimekuja akiwa bombani na zimepokelewa na mtoto. Nikashindwa kumwelewa. Nikanyoosha kidole, nikamwonyesha kichwa chake.

Mama akajishika kichwa, taratibu, kama anakigusa cha mtu mwingine. Kisha akakaa chini, pale pale kwenye maji.

"Hizi ni nywele tu, Yusti," alisema. "Baba yako ni mzima. Dawa iliniunguza kichwa, ni nywele tu zimetoka. Yesu wangu. Na mimi nimelala humu siku zote hizi kama mtu aliyefiwa."

Akanieleza yote, la jasho na la saluni, polepole, akirudia. Nilimuuliza mara nyingi kama baba ni mzima. Kila mara akajibu ni mzima, madereva wenzake wamesema barabara ndiyo mbovu. Alinisafisha damu, akanimalizia kisogo kwa mkono wake wa ufundi, halafu akachukua mafuta ya alizeti jikoni akanipaka, akajipaka na yeye. Hapo ndipo alipokuwa analia na kucheka. Mimi nililia tu. Alipomaliza alivuta zile raba nyuma ya mlango, akazigonganisha kutoa vumbi, akaniambia kesho tunaamka pamoja, kama watacheka watucheke wawili.

Kesho yake tukatoka kumeanza kupambazuka. Kama hujawahi kukimbia na kipara kwenye upepo wa Singida, sijui nikueleze vipi. Upepo unakupiga moja kwa moja kwenye ngozi, unacheka bila sababu. Mama alikuwa anahema mbele yangu, kichwa chake kinang'aa mafuta, jasho linamtiririka hadi shingoni, na hakujishika kichwa hata kidogo. Niliona hilo. Watu wachache waliokuwa njiani walitupisha na kutuamkia kwa heshima kubwa kupita kawaida. Sikuelewa, mama alielewa, akawa anaitikia huku anajizuia asicheke.

Tukasikia lori linakuja nyuma yetu. Tukasogea pembeni. Likatupita na vumbi lake, limejaa tope mpaka kwenye vioo, na mbele kidogo, kwenye jiwe moja kubwa lililoinamia barabara, likapiga breki. Mlango ukafunguka. Akateremka baba.

Nilitaka kukimbia kumwendea, nikabaki nimeshika gauni la mama. Yeye alikuwa anatutazama. Alimtazama mama kichwani, akanitazama mimi kichwani, akarudi kwa mama. Hakufunga mlango, injini ilikuwa inanguruma, na yeye akavua kofia akaishika kwa mikono miwili kifuani.

"Nani?" akauliza. "Ni mama? Mama Yusti, usinifiche. Ni mama, Issuna?"

Mama alikuwa amejiandalia maneno kwa siku zote hizo kitandani. Yote yakampotea.

"Hakuna aliyekufa, Baba Yusti," alisema. "Mama ni mzima, Yusti katoka kwake juzijuzi. Ni nywele. Dawa iliniunguza, nikanyoa."

"Nywele?"

"Nywele."

"Nywele tu?"

"Nywele tu. Zimekwisha zote." Halafu akauliza kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, ndogo kama yangu: "Umekasirika?"

Baba aliegemea tairi, akateremka nalo mpaka akachuchumaa. Alikuwa anavuta pumzi kama yeye ndiye aliyekuwa anakimbia.

"Mimi nimemzika mama yangu hapa njiani sasa hivi," alisema, "halafu wewe unaniuliza habari za nywele?"

Mama akaanza kucheka, na baba akamtazama, na yeye akaanza. Walicheka mpaka machozi, mtu na mkewe, pembeni ya barabara alfajiri. Kisha baba akaniona bado nimesimama kule kule, nimeganda, akauliza huyu naye imekuwaje mpaka kichwa kimekatwakatwa hivi. Mama akamwambia, "Huyo alikuwa anakulilia wewe." Baba aliacha kucheka. Alikuja akaninyanyua, akakilaza kichwa changu chenye vidonda kwenye shati lake la dizeli na vitunguu.

Alipotaka tupande wote, mama alikataa. Akasema sisi tutangulie, yeye bado hajamaliza. Basi baba akaendesha pole pole kama anabeba mayai, mimi nimekaa kwenye mapaja yake nimeshika usukani, na kwenye kioo cha pembeni tunamwona mama anakuja nyuma yetu, gauni limepepea, kichwa kinawaka jua lililokuwa linatoka.

Kopo la dawa lilikuwepo kwenye kabini, jipya, kutoka Kigoma. Baba alilitoa kwa aibu kama mtoto aliyeiba sukari. Mama akaigawa dawa kwa Mama Hadija, kopo akalidai baadaye, na ndilo hilo la mafuta ya alizeti ninalochovya mpaka leo, yule mwanamke wa kwenye picha amefutika amebaki shingo. Mama hakurudia dawa. Nywele zikaota zenyewe, nene, kipilipili, na akajifunza kuishi nazo pamoja na jasho: anasuka mabutu mepesi yasiyovuta, anafunga kitambaa cha bitana laini alichokishona mwenyewe kwa mabaki ya magauni, maana pamba inanyonya mafuta yote, akirudi anazisuuza kwa maji matupu, anapaka alizeti, anaziacha zikauke kwa upepo. Hivyo hivyo alinifundisha na mimi nilipomaliza shule na kuachiwa kufuga zangu. Baba alipopata wageni aliendelea kujisifu. Alibadilisha tu maneno. Alikuwa anasema mke wake anaweza kulikimbiza lori.

Baba amefariki mwaka huu, kabla ya mvua. Aliugua muda mfupi. Safari hii hakuna aliyenificha, mimi ndiye niliyewapigia wengine simu. Tulimzika Issuna, jirani na Babu na Bibi. Siku ya kumaliza msiba Shangazi, ambaye sasa ni mzee sana, alinivuta pembeni. Aliniambia siku hizi wengi wanakata kishungi kidogo tu yakaisha, nami nywele zangu zilikuwa za miaka mingi, zimeshafika mabegani, hakuna ambaye angenilaumu. Nilimshukuru, nikaenda nyuma ya nyumba. Mama alikuwa ameshanyolewa, mvi zake ziko chini kwenye kanga. Nilikaa nikanyolewa na mimi, na nilipomaliza alikuja akanipitishia mkono kichwani kote, polepole, kisogoni akakawia.

"Safari hii hujajikata," alisema.

Tuliporudi Mandewa alilala siku moja. Ya pili, alfajiri, akanigongea mlango na raba mkononi. Siku hizi hakimbii, anatembea haraka tu, lakini usijaribu kumfuata ukiwa na maneno mengi. Tulipita kwenye yale mawe, barabara sasa ni lami, upepo ni ule ule. Watu wakatupisha, wakatuamkia kwa sauti ya chini.

Nyuma yetu likaja lori. Tukasogea pembeni. Lilikuwa na vitunguu, harufu yake ilitufikia kabla halijatufikia lenyewe, na dereva akatupigia honi mbili za salamu akapita. Wote wawili tulisimama tukalitazama linavyokaribia lile jiwe lililoinamia barabara. Halikupunguza mwendo. Lilipanda mlima, likazama upande wa pili, na mlio wake ukaisha.

Mama alijifuta uso kwa kanga, kisha kichwa.

"Twende," akasema. "Jasho litatukaukia."